Ukipelekwa ubalozini: posho ya elimu na njia tatu za kuwasomesha watoto

Barua ya kukupeleka kituoni ikishatoka, kinachokosesha usingizi nyumbani si mizigo wala nyumba ya kupanga. Ni watoto watasoma wapi. Mtumishi wa serikali ya Uganda anayekwenda ubalozini, awe afisa wa utumishi wa nje, mwambata wa jeshi au mhasibu, kwa kawaida ana njia tatu mbele yake: kumpeleka mtoto shule ya kimataifa huko aendako, kumwandikisha shule ya umma ya nchi mwenyeji, au kumwacha bweni Uganda. Kuna ya nne pia, bweni katika nchi ya tatu au masomo ya mtandaoni, nayo tutaigusa kwa ufupi.

Hakuna njia inayofaa kila familia. Iliyomfaa jirani aliyekwenda Geneva inaweza kukuharibia wewe unayekwenda Juba. Hata ndani ya nyumba moja, mtoto wa P3 (darasa la tatu la msingi) na kaka yake wa S3 (kidato cha tatu) huenda wakahitaji njia tofauti.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa imepimwa kwa mambo matano: posho inalipa nini na nini kinabaki mfukoni mwako, mtihani gani unamngoja mtoto, kalenda na darasa atakalowekwa, maisha yake ya kila siku, yaani lugha, mlezi na afya, na mlango wa kurudi Uganda kipindi chako kikiisha.

Familia nyingi huanza na la kwanza kwa sababu fedha ndizo zinazoonekana. Ushauri wetu ni kuanza na la pili. Andika kwenye karatasi mwaka utakaoondoka na mwaka unaotarajia kurudi, kisha weka kati yake mitihani ya kitaifa ya kila mtoto: PLE (mwisho wa P7), UCE (mwisho wa S4) na UACE (mwisho wa S6). Mtihani ukiangukia katikati ya kipindi, njia moja au mbili hujifuta zenyewe kabla hujauliza karo.

Kwanza, ijue posho yako

Jina ni moja, posho ya elimu, lakini ndani yake mna mambo mengi. Pata majibu ya maandishi kutoka ofisi ya rasilimali watu ya wizara yako kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Mtoto ni nani? Uliza idadi ya watoto wanaohesabiwa na umri wa mwisho. Katika nyumba nyingi za Uganda mna mtoto wa marehemu dada au kaka, anayelelewa kama wa kuzaa. Kwenu ni mwana wenu, lakini kwa faili la utumishi na kwa ubalozi unaotoa viza anaweza asihesabiwe mpaka kuwe na amri ya mahakama ya kuasili au ya ulezi. Mahakama haiendi kwa haraka ya tarehe yako ya kusafiri, kwa hiyo shughuli hiyo ianze mapema. Cheti cha kuzaliwa cha NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, nacho kikaguliwe sasa: jina lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti na la ripoti za shule. Tofauti ndogo kama Nakato na Nakkato imewarudisha watu dirishani mara nyingi.

Posho inalipa vitu gani? Ankara ya shule ya kimataifa huwa na mistari mingi: ada ya maombi, ada ya usajili, amana, karo, mchango wa majengo, basi, chakula, sare, safari za masomo, ada ya mtihani, na wakati mwingine ada ya msaada wa Kiingereza. Posho inayotaja karo peke yake itaiacha mistari mingine yote juu yako.

Inalipwaje? Kuna tofauti kubwa kati ya ubalozi kuilipa shule moja kwa moja, wewe kulipa kisha kurudishiwa kwa risiti, na kupewa kiasi kimoja ujipangie. Ukilipa na kungoja kurudishiwa, uwe na akiba ya muhula mzima. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na shule za Ulaya na Marekani hudai karo kubwa Agosti na Septemba. Kwa hiyo mgao wa robo ya kwanza ndio huohuo unaopaswa kulipa karo, na ukichelewa, shule haitakungoja.

Tena, kila ubalozi una fungu lake la bajeti, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 Bunge linatakiwa kupitisha bajeti kufikia Mei 31. Mtoto aliyeongezeka Agosti bila kuwamo kwenye makadirio huishia kwenye malimbikizo ya madeni. Ukishapata barua, peleka makisio ya karo kwa afisa masuuli wa ubalozi mapema hata kama shule haijathibitishwa. Ni rahisi kubadilisha jina la shule kuliko kutafuta fedha ambazo hazikupangwa.

Usisahau thamani ya shilingi. Bajeti hupitishwa kwa shilingi na karo hulipwa kwa dola, pauni au yuro. Tuchukue mfano wa kubuni: posho ya dola 12,000 iliyokadiriwa dola ikiwa shilingi 3,600 ni shilingi milioni 43.2. Fedha zikitoka dola imefika 3,800, shilingi hizohizo zinanunua dola 11,368 tu. Pengo la dola 632 lazima mtu alizibe. Uliza mapema kama ni ubalozi au ni wewe.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda inasamehe posho inayolipwa nje ya Uganda kwa mtu anayefanya kazi katika ubalozi wa Uganda. Angalia maneno "inayolipwa nje ya Uganda". Mtoto akibaki bweni nyumbani na malipo yakafanyika Kampala, pata maelezo ya maandishi kabla hujadhani msamaha huo unayafikia malipo hayo pia.

Njia ya 1: Shule ya kimataifa kituoni

*Fedha.* Ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo ambayo kikomo cha posho huumiza zaidi. Tuseme ankara ya mwaka ni dola 18,000: karo 14,000, mchango wa majengo 2,000, basi 1,200, chakula 800. Posho ikiwa na kikomo cha 12,000 kwa karo tu, familia inabaki na 6,000 kwa mtoto mmoja. Zidisha kwa watoto watatu kabla ya kutia saini. Uliza pia kama mchango wa majengo hulipwa mara moja au kila mwaka, kama amana hurudishwa mtoto akiondoka katikati ya mwaka, na taarifa ya kuondoka itolewe lini. Shule nyingi hutaka muhula mzima wa taarifa, ilhali barua ya kukurudisha Kampala inaweza kukupa muda mfupi zaidi. Omba kifungu kinachomlinda mtoto wa mwanadiplomasia anayehamishwa. Shule zilizozoea balozi huwa nacho, lakini hazikisemi mpaka uulize.

*Mtihani.* "Kimataifa" si mtaala mmoja, na hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Shule ya Cambridge, yenye mtaala wa Kiingereza, humfikisha mtoto mtihani wa IGCSE na baadaye A-level, na mgawanyo huo unafanana na UCE na UACE, kwa hiyo ulinganishaji wa vyeti huwa mwepesi. Shule ya IB (International Baccalaureate) ina Diploma ya miaka miwili yenye masomo sita, alama za juu 45 na kwa kawaida si chini ya 24 ili kufaulu. Ni cheti kizito kinachotambulika kote. Tatizo liko kabla yake: katika miaka ya kati ya IB mtihani wa nje si wa lazima kwa kila shule, kwa hiyo mtoto anaweza kufika umri wa S4 bila cheti chochote cha kiwango cha UCE. Akirudi Uganda wakati huo, hana cha kulinganishwa. Shule ya mtaala wa Marekani humaliza darasa la 12. Uganda hufika chuo baada ya miaka 13, yaani 7 ya msingi, 4 ya S1 hadi S4 na 2 ya S5 na S6. Mwaka huo mmoja ndio chanzo cha shida, na mtoto anayepita huko ajaziwe kwa masomo ya AP (ya kiwango cha chuo, yanayosomwa sekondari) kama nia ni kurudi kusoma chuo Uganda.

Kumbuka kiwango cha kuingia chuo kikuu Uganda moja kwa moja: angalau masomo matano ya UCE na principal mbili (ufaulu wa masomo makuu) za UACE zilizopatikana katika kikao kimoja, au vyeti vinavyolingana na hivyo. Mtoto wa IGCSE anayechagua masomo manne "ili apumue" anajifungia mlango huo mwenyewe.

*Kalenda na darasa.* Shule nyingi za kimataifa huanza Agosti au Septemba, za Uganda Februari. Mtoto aliyemaliza P7 Novemba ana miezi tisa mpaka Septemba, au ataingizwa katikati ya mwaka. Kuingia katikati ni afadhali kuliko kukaa nyumbani, isipokuwa kwa mtoto anayeanza miaka miwili ya IGCSE au Diploma ya IB. Huyo aanze mwanzoni.

*Maisha.* Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa Uganda hujikuta nyumbani upesi kuliko popote. Walimu wamezoea watoto wanaokuja na kuondoka. Bei ya pili isiyo kwenye ankara ni mazoea: safari za shule, simu za gharama, sherehe za kuzaliwa. Mtoto akirudi Kampala mambo hayo hukatika ghafla, na inafaa umweleze kabla.

*Kurudi.* Kampala ina shule zinazoendeleza mitaala hii: ISU iliyoko Lubowa ni ya IB, na KISU ya Bukoto ina IGCSE na Diploma ya IB. Lakini ukirudi makao makuu posho ya kituoni huisha, na karo za shule hizo zitatoka kwenye mshahara wa Kampala. Familia iliyoingia mtaala wa kimataifa bila kujua nani ataulipia baada ya kurudi imejifunga kamba.

*Inamfaa nani.* Familia iliyo mahali ambapo shule za umma hazifundishi kwa Kiingereza, kama Beijing, Moscow au Riyadh. Mtoto atakayekamilisha IGCSE au A-level ndani ya kipindi. Na mtumishi ambaye huenda akatoka kituo kimoja kwenda kingine bila kupitia Kampala.

Njia ya 2: Shule ya umma ya nchi mwenyeji

*Fedha.* Karo ni bure au ndogo Uingereza, Marekani, Ufaransa na Ujerumani, hata kwa watoto wa wanadiplomasia. Hata hivyo kuna gharama. Nchini Uingereza nafasi hutegemea sana umbali wa nyumba na shule, kwa hiyo karo unayookoa huhamia kwenye kodi ya nyumba ya mtaa wenye shule nzuri. Kama ubalozi ndio unaokupangia nyumba, uliza iko wapi kabla ya kuota shule. Uliza pia kama posho inalipa chochote pale ambapo hakuna karo: basi, chakula, masomo ya ziada ya lugha. Posho nyingi za kulipa kwa risiti huwa hazina cha kulipa hapo.

*Mtihani.* GCSE na A-level za Uingereza hulinganishwa bila taabu kubwa. Diploma ya sekondari ya Marekani ina lile pengo la mwaka mmoja. Baccalauréat ya Ufaransa na Abitur ya Ujerumani ni vyeti vya heshima, lakini vitahitaji kutafsiriwa na kulinganishwa, na mtoto aliyevifikia kwa Kifaransa au Kijerumani ataingia Makerere kwenye mihadhara ya Kiingereza cha kitaaluma ambacho hakukizoea.

*Kalenda na darasa.* Shule za umma za Uingereza humpanga mtoto kwa umri. Mwaka wa 8 ni wa miaka 12 hadi 13, Mwaka wa 10 ni 14 hadi 15, Mwaka wa 11 ni 15 hadi 16. GCSE huanza Mwaka wa 10 na kumalizika Mwaka wa 11. Sasa mfikirie kijana wa miaka 15 aliyemaliza S2. Kwa hesabu ya darasa ana miaka miwili kabla ya UCE. Kwa hesabu ya London anaweza kuingizwa Mwaka wa 11, wenzake wakiwa wamekwisha kula nusu ya mtaala. Kama umri wa mtoto wako uko hapo, andika barua kwa shule kabla ya kusafiri, ukiambatisha ripoti na maelezo ya mfumo wa Uganda, uombe arudishwe mwaka mmoja. Uamuzi ni wao, lakini ombi lisiloletwa halijadiliwi.

Tarehe za maombi ya kawaida England ni Oktoba 31 kwa sekondari na Januari 15 kwa msingi, kwa kuanza Septemba inayofuata. Ukifika baada ya hapo utaomba nafasi za katikati ya mwaka kupitia halmashauri, na utapewa zilipobaki. Kwingine kalenda ni nyingine: Pretoria na Canberra huanza Januari au mwanzo wa Februari, karibu sawa na Uganda; Tokyo na shule nyingi za New Delhi huanza Aprili.

*Maisha.* Kabla ya darasa kuna chanjo, na kwa Marekani jambo hili limechelewesha watoto wengi wenye kadi zilizojaa. Ratiba ya Uganda humpa mtoto chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Shule za umma za Marekani kwa kawaida hutaka dozi mbili za chanjo yenye surua, matumbwitumbwi na rubela, ya kwanza isiwe kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Ile ya miezi 9 haihesabiwi, na ya Uganda haina matumbwitumbwi. Tetekuwanga nayo haimo kwenye ratiba yetu. Tafuta dozi hizo Kampala kwenye kliniki za kulipia wiki kadhaa kabla ya safari, maana kati ya dozi na dozi lazima siku zipite, na beba kadi halisi pamoja na nakala iliyopigwa muhuri. Ofisi ya shule itataka pia uthibitisho wa makazi, kama mkataba wa nyumba au bili ya umeme, kwa hiyo wiki za hotelini ni wiki za kungoja.

Lugha ndiyo mizani ya njia hii. Mtoto wa P1 au P2 aliyetupwa Kifaransa kitupu mara nyingi huzungumza kabla ya mwaka kwisha, na Ufaransa ina madarasa maalumu ya kuwapokea wasiojua lugha. Kijana wa S3 ana habari nyingine: atajifunza lugha na kemia kwa wakati mmoja, na kemia ndiyo itakayoumia.

Jirani zetu wa Afrika Mashariki wanastahili neno lao. Dar es Salaam na Arusha, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Tanzania imekuwa na 7-4-2 kama sisi, lakini mageuzi yanayoendelea yanaipunguza elimu ya msingi kuwa miaka 6. Kenya iko kwenye 2-6-3-3-3 (chekechea 2, msingi 6, sekondari ya chini 3, ya juu 3, chuo 3), mpangilio usiokutana na P7 yetu mahali popote; KCPE, mtihani wao wa zamani wa kumaliza msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Faida moja watu hawaihesabu: Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2 katika mtaala wa Uganda, na mtoto aliyekaa Dar miaka mitatu atarudi nalo mdomoni.

*Kurudi.* Mtoto mdogo hurudi kwa wepesi. Aliyekosa PLE atahitaji vyeti vyake vilinganishwe na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kabla ya S1. Vyeti visivyo vya Kiingereza vitafsiriwe rasmi hukohuko mlikokuwa, kabla hamjaondoka; kumtafuta mtafsiri wa Kijapani Kampala ni kazi ndefu.

*Inamfaa nani.* Watoto wa chekechea hadi P5 popote pale. Wa umri wowote kwenye nchi za Kiingereza ilimradi wasiingie katikati ya GCSE. Na familia yenye watoto wengi kuliko posho inavyohesabu.

Njia ya 3: Bweni Uganda

*Fedha.* Karo ya bweni, hata kwenye shule za juu, kwa kawaida huwa sehemu ndogo ya karo ya shule ya kimataifa ng'ambo. Swali ni kama posho yako inamhesabu mtoto asiyekuwa kituoni. Kanuni nyingine hulipa popote anaposoma, nyingine hulipa kituoni tu. Ongeza mahitaji ya kila muhula (karatasi, sabuni, sukari, godoro, sare), siku za kutembelea, matibabu, na mlezi. Lipa kwa namba ya malipo ya mtoto, kama ya SchoolPay, badala ya kumtumia fedha ndugu azipeleke. Risiti itakuwa na jina la mtoto na ubalozi hautakuwa na la kuuliza.

Tiketi za ndege ndizo zinazovunja hesabu. Shule za Uganda zina likizo tatu kwa mwaka. Kama haki yako ni safari moja ya mtoto, itumie likizo ndefu ya Desemba na Januari. Ile ya Mei na ya Agosti zitakuwa za mlezi.

*Mtihani.* Hapa bweni haina mshindani. UNEB husajili watahiniwa kupitia vituo vya mitihani, yaani shule, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, uliofanyiwa UCE ya kwanza 2024, umeongeza uzito wa kukaa mahali pamoja: asilimia 20 ya alama hutoka kwenye kazi za darasani na asilimia 80 kwenye mtihani wa mwisho. Mtoto anayeondoka S3 au anayerudi katikati ya S4 anapoteza sehemu ya zile 20 pamoja na kazi ya mradi. S5 na S6 nako, kombinesheni kama PCM (fizikia, kemia, hisabati) au HEG (historia, uchumi, jiografia) haibebeki kwenda mfumo mwingine katikati ya njia.

*Kalenda na darasa.* Hakuna kinachobadilika.

*Maisha.* Hapa pana uzito kuliko vyote, na hapa uamuzi mwingi huharibikia. Mtoto wa bweni anahitaji nyumba hata kama yuko shule miezi tisa. Machi 2020 shule zilifungwa na hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Novemba 2022 muhula ulikatwa karibu wiki mbili mapema kwa sababu ya Ebola. Watoto walirudi nyumbani kwa taarifa fupi. Aliye na wazazi Brussels arudi wapi?

Kwa hiyo mlezi achaguliwe kama mnavyochagua mwajiriwa, hata akiwa ni senga (shangazi) au jaja (bibi au babu). Mpe barua iliyothibitishwa na wakili inayomruhusu kumtoa mtoto shuleni na kuidhinisha matibabu, umpe nakala za cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima, umwandikishe shuleni kama wa kwanza kupigiwa simu, na mkubaliane kiasi cha kila mwezi. Nyanya anayempenda mjukuu lakini hawezi kutoka Kisoro kwenda Mukono usiku hatoshi peke yake. Ongeza wa pili aliye karibu na shule. Zungumzeni na mtoto peke yake, mbali na walimu na mlezi, angalau mara moja kwa wiki. Simu nyingi za shule hupigwa mwalimu akiwa pembeni, na mtoto hasemi linalomuuma.

*Kurudi.* Hakuna kurudi, hajaondoka. Ila mtarudi ninyi, na kijana mliyemwacha S1 mtamkuta S5.

*Inamfaa nani.* Walio P6 hadi P7, S3 hadi S4 na S5 hadi S6 wakati barua inatoka. Watumishi wanaokwenda mahali ambapo familia kwa kawaida haziandamani nao, kama Mogadishu. Na vituo vya karibu kama Nairobi au Kigali, ambako mtoto anaweza kupanda basi la usiku akafika kila likizo.

Njia ya nne, kwa ufupi

Bweni katika nchi ya tatu hufaa mara chache: posho mbili hukutana, ya masomo na ya kulala, na kanuni nyingi hulipa moja tu. Masomo ya mtandaoni ya Cambridge husaidia pale shule hazipo, ilimradi kuna kituo cha mtihani mjini kinachopokea watahiniwa wa nje. Kithibitishe kabla ya kulipa. Kwa PLE na UCE njia hiyo haina pa kushika, kwa sababu ya ule usajili wa shule.

Anayechukua likizo bila malipo kwenda kuajiriwa na Umoja wa Mataifa anaacha posho hii na kuingia kanuni za huko, ambazo tangu 2018 hurudisha asilimia 86 ya ada kwa sehemu ya kwanza na kushuka ngazi kwa ngazi hadi 61, zikifika hadi miaka minne ya chuo. Askari polisi anayekwenda misheni ya Umoja huo kama mtaalamu hana ruzuku hiyo.

Kulingana na hali yako

Mtoto yuko P1 hadi P4: nenda naye. Nchi ikiwa ya Kiingereza, shule ya umma inatosha. Isipokuwa hivyo, linganisha umri wake na lugha kabla ya kukimbilia ya kimataifa. Endelea kumsomesha Social Studies ya Uganda nyumbani mwaka wa mwisho kabla ya kurudi, maana somo hilo liko kwenye PLE na hakuna shule ya nje itakayomfundisha mito na wilaya zetu.

Yuko P6 au P7: amalize PLE kwanza, hata kama mama au baba atatangulia kituoni na mwingine abaki miezi michache. Matokeo hutoka kwa kawaida Januari, na hapo unaweza kumhamisha akiwa na cheti mkononi.

Yuko S1 au S2: huu ndio umri wa kuhama kwa usalama, ukiwa na uhakika wa kukaa miaka mitatu au zaidi ili amalize IGCSE au GCSE. Kipindi kikiwa kifupi kuliko hapo, bweni.

Yuko S3 au S4: bweni, au mmoja wa wazazi abaki mpaka UCE iishe. Akilazimika kuondoka, aanze IGCSE mwanzoni kabisa, hata kama ni kurudia mwaka.

Yuko S6, au anakaribia chuo: angalia viza kabla ya karo. Marekani humhesabu mtoto wa mwanadiplomasia kuwa mtegemezi hadi miaka 21, au 23 akiwa chuoni muda wote. Akipita hapo atahitaji viza yake mwenyewe ya mwanafunzi. Na uliza kama posho yako inavuka sekondari, kwa maana nyingi haivuki.

Mtoto ana ulemavu au mahitaji maalumu: fika shuleni na ripoti ya daktari na ya mwalimu kabla ya kuchagua kituo, kama una nafasi ya kuchagua. Shule za umma za Uingereza na Marekani zina wajibu wa kisheria wa kumhudumia; shule ya kimataifa inaweza kumkataa, au kumpokea na kukutoza mwalimu msaidizi kwa ankara tofauti ambayo posho haiitambui.

Mna watoto watatu wa ngazi tofauti: gawanyeni. Mdogo shule ya umma huko, wa kati ya kimataifa, mkubwa bweni na mlezi aliyeandikwa. Omba posho ihesabiwe kwa kila mtoto peke yake, na faili la kila mmoja liwe na ankara, barua ya kupokelewa na risiti zake, kila muhula, kuanzia muhula wa kwanza.